Kutafuta Ukoo wa Watu wa Kusini kwa Kumbukumbu za Bure Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini ni yale yanayorudi kila mara kutoka kwa wenyeji wa Mtwara na Lindi, na kutoka kwa watoto wao waliozaliwa Dar es Salaam, Tanga au ng'ambo, ambao wanayajua majina mawili matatu ya mababu na wanataka kuyafikia mengine. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Nianzie kwenye simu au kwa wazee?

Anzia kwa wazee. Tovuti hujibu swali lenye jina, mahali na wakati, na mtu asiyekuwa na vitu hivyo vitatu atatumia bando lote akisoma habari za watu wasiomhusu. Mwendee kwanza mjomba mkubwa au bibi wa upande wa mama, kwa sababu itakayoelezwa katika swali la 5, umuulize watu wa ukoo walikuwa wakiishi wapi kabla ya kuhamishiwa kijijini, nani alimrithi nani, na kila mtu aliitwaje kabla na baada ya jando au unyago. Omba ruhusa kabla ya kurekodi sauti, na usimkatishe anapotoka nje ya swali, kwa kuwa mara nyingi jina unalolitafuta limo katika hadithi ambayo hukuiuliza.

Msiba na arobaini ni nafasi bora kuliko ziara ya makusudi, maana watu wa matawi yote hukutana mahali pamoja. Wasikilize pia watani. Mtani anapotania jeneza, husema hadharani mambo ambayo ndugu wenyewe wameyafunika, kama vile nani alitokea wapi na nani alikuja akiwa mgeni.

Kisha omba kuonyeshwa lililomo katika sanduku: stakabadhi za kodi, kadi ya TANU, cheti cha ubatizo au cha ndoa, kipande cha kazi cha shamba la mkonge, barua za jeshini. Piga picha pande zote mbili za kila karatasi, kwa kuwa namba iliyoandikwa nyuma inaweza kuwa ufunguo wa jalada.

2. Ni kweli kumbukumbu hizi ni za bure?

Tovuti zinazotajwa hapa, yaani FamilySearch, ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC), gazettes.africa, TanzLII na Internet Archive, hazitozi ada ya kutafuta. FamilySearch inahitaji ufungue akaunti, na baadhi ya picha zake zimefungwa, maana yake zinaonekana tu katika vituo vyake au maktaba zinazoshirikiana nayo. Gharama yako ni bando na muda. Mtu akikudai fedha ili "akutafutie ukoo" kwenye tovuti hizo, anakuuzia kitu ambacho unaweza kukifanya mwenyewe ukiwa umekaa barazani.

Hata hivyo, kutafuta bure si lazima kuwe kusoma bure. Nyaraka za Taifa za Uingereza hukuruhusu kuipekua orodha yao bila malipo, lakini nakala nyingi za majalada hulipiwa au husomwa papo hapo London.

3. Je, nitakiona cheti cha kuzaliwa cha babu yangu, au jina lake katika sensa?

Hapana kwa yote mawili. Waafrika wengi wa enzi za ukoloni hawakuandikishwa walipozaliwa, na mfumo wa mtandaoni wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ni wa kuomba na kuhakiki vyeti, haukuwekwa kwa ajili ya umma kupekua madaftari ya zamani. Sensa za 1948, 1957, 1967 na zilizofuata zilitoa hesabu ya watu, na majina ya kaya hayatolewi. Ndiyo maana utafiti wa Kusini unategemea kumbukumbu za pembeni: rejista za misheni, matangazo ya serikali, hukumu za mirathi na orodha za wanajeshi.

## Majina, mahali na miaka

4. Fomu inadai jina la ukoo, lakini sisi tunatumia jina la baba na la babu. Niandike nini?

Fomu hizo zilitungwa na watu ambao jina la familia kwao halibadiliki. Kwetu Saidi Hamisi Bakari akimzaa Juma, mtoto huwa Juma Saidi Hamisi, na jina la Bakari limekwisha kutoka. Ukiliandika jina la tatu kuwa la ukoo, kila kizazi kitaonekana kama familia nyingine. Katika kutafuta, jaribu jina moja moja na kwa mpangilio tofauti, kwa sababu karani mmoja aliandika "Saidi bin Hamisi", mwingine "Saidi Hamisi", na wa jeshini aliandika "Saidi" peke yake pamoja na namba.

Kumbuka pia kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na majina manne katika maisha yake: la utotoni, la jandoni, la dini na la kazini. Mwanamke huongezewa la tano, "Mama Fulani", na hilo ndilo pekee ambalo majirani wengi walilijua. Yaandike yote chini ya mtu mmoja, ukieleza kila jina lilitumika wapi na lini.

Halafu kuna suala la M na N. Jina ambalo Mmakonde hulitamka kwa N, karani kutoka kwingine aliliandika kwa M, na kinyume chake. Vivyo hivyo L na R, CH na SH. Kijiji cha Nkowe, Ruangwa, kitafute pia kwa "Mkowe". Usitarajie mashine ilijue hilo.

5. Nimefuata baba, baba wa baba, kisha nikakwama. Nimekosea wapi?

Pengine umefuata njia ambayo ukoo wenyewe haukuifuata. Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao kwa desturi huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake alikuwa mjomba. Cheo na mara nyingi mali havikwenda kwa mwana bali kwa mtoto wa dada. Wamakua huuita ukoo huo nihimo, na kwa Wayao kundi la akina dada na watoto wao, linaloangaliwa na kaka yao, ni mbumba. Uislamu, misheni na sheria za serikali zimeusogeza urithi upande wa baba, kwa hiyo vijana wengi wanalijua jina la babu mzaa baba na hawajui nihimo yao.

Jambo hili lina matokeo ya moja kwa moja unaposoma nyaraka. Ofisa wa Kiingereza akiandika kwamba jumbe alirithiwa na mpwa wake, au Mjerumani akiandika "Schwestersohn", yaani mtoto wa dada, usidhani kwamba mwana halali alidhulumiwa. Huyo ndiye aliyekuwa mrithi aliyetarajiwa. Na neno "baba" katika ushahidi wa mzee linaweza kumhusu baba mkubwa au baba mdogo, wakati "ndugu" linaweza kubeba binamu wa mbali. Muulize: tumbo moja, au ukoo mmoja?

Katika mti wa ukoo wa FamilySearch, jina la ukoo wa mama halina mahali pake. Nashauri liandikwe katika sehemu ya majina mengine na lirudiwe katika maelezo ya kila mwanamke wa mstari huo, ili mjukuu atakayekuja baadaye auone uzi haukukatika.

6. Nyaraka za Kijerumani ziliandikaje majina yetu?

Kwa masikio ya Kijerumani. J yetu iliandikwa "dsch", CH ikawa "tsch", SH ikawa "sch", na Y ikawa "j", hivyo Wayao ni "Wajao". S mara nyingi iliandikwa mara mbili ili isisomwe kama Z. Kwa hiyo Masasi utaikuta kama "Massassi", Sudi kama "Ssudi", Mchinga kama "Mtschinga" na Kilwa Kivinje kama "Kilwa-Kiwindje". Kabla ya kutafuta jina la babu katika hifadhi za Ujerumani, liandike kwanza kwa namna hizo kwenye karatasi, ulijaribu moja baada ya jingine.

7. Kijiji alichozaliwa bibi hakipo kwenye ramani yoyote. Kilikwenda wapi?

Huenda hakikuwahi kuwa kijiji kwa maana ya leo. Makazi mengi yaliitwa kwa jina la mkubwa wake, na mkubwa akifa au watu wakihama, jina lilihama nao. Kisha Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliwakusanya watu mahali pamoja, na mahame yakabaki na miembe na mikorosho yake. Ukiuliza njia ya kwenda mahali, uliza jina la hame, usiulize jina la kijiji.

Mipaka ya utawala nayo imebadilika. Wajerumani walikuwa na wilaya za Lindi na Kilwa. Waingereza waliliita eneo lote Jimbo la Kusini, likiwa pamoja na Songea na Tunduru. Na Mkoa wa Lindi ulitengwa na Mtwara mwaka 1971. Hati ya 1968 inayosema "Mtwara" inaweza kumhusu mtu wa Nachingwea au Liwale. Ramani za Kijerumani za kipimo cha 1:300,000, ambazo maktaba kadhaa zimeziweka mtandaoni, zinaonyesha majina mengi ya wakubwa na njia za misafara, na ni zana bora ya kufufua jina la hame lililosahauliwa.

8. Nitakadiriaje mwaka wa kuzaliwa?

Kwa tukio. Maji Maji ilikuwa 1905 hadi 1907; vita vya Wajerumani na Waingereza vilifika Lindi na Mikindani mwaka 1916; homa ya mafua ilipita 1918; mradi wa karanga wa Nachingwea ulianza mwishoni mwa miaka ya 1940; kimbunga kilipiga pwani ya Lindi Aprili 1952. Mzee akisema alikuwa "anachunga mbuzi" wakati wa kimbunga, alikuwa na umri wa miaka kati ya 7 na 12 hivi. Andika "takriban 1943", kamwe usiandike 1 Januari 1943, kwa kuwa tarehe ya kubuni ikishaingia katika mti wa mtandaoni hunakiliwa na watu kana kwamba ni ushahidi.

Mwaka wa Hijria ukiwa umeandikwa, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 1322 hutoa takriban 1904.

## Kumbukumbu zenyewe

9. Gazeti la Serikali na hukumu za mahakama zina faida gani kwa mtu wa kawaida?

Kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Tovuti ya gazettes.africa ina nakala za gazeti la serikali zinazopakuliwa bure, na ndani yake mna matangazo ya mirathi, hati za ardhi zilizopotea, kubadili majina, na uteuzi wa watumishi. Babu aliyekuwa karani, mwalimu au hakimu ana nafasi nzuri ya kutajwa. Maandishi yalisomwa na mashine kutoka kwenye karatasi zilizofifia, kwa hiyo jina likikosekana, fungua toleo la mwaka unaoukisia na upekue kwa macho.

TanzLII huweka hukumu za mahakama za Tanzania. Shauri la mirathi hutaja marehemu, wajane, watoto, na wakati mwingine jamaa waliopinga, pamoja na kijiji na mwaka wa kifo. Kwa familia iliyofikishana mahakamani, ukurasa mmoja wa hukumu unaweza kueleza undugu kuliko miaka ya kuuliza. Soma kwa adabu. Watu waliogombana humo wengi wako hai, na swali la 17 linahusika.

10. Rejista za ubatizo zipo mtandaoni?

Kwa parokia zetu, zifikirie kuwa ni vitabu vya kufuatwa kwa miguu. Mtandao husaidia kujua ni misheni ipi ya kuiendea. Misheni ya Kianglikana ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa) ilifika Masasi mwaka 1876 chini ya Askofu Edward Steere, ikiwa na watu waliokombolewa utumwani, na Dayosisi ya Masasi ikaundwa 1926. Wabenediktini walianza Lukuledi mwaka 1895, wakafuata Nyangao, na Ndanda ikaanzishwa 1906. Vita vya Maji Maji viliharibu Lukuledi, Nyangao na hata misheni ya Masasi mwaka 1905, kwa hiyo pengo kabla ya mwaka huo lisikushangaze. Taarifa na magazeti ya UMCA yaliyochapwa yanapatikana katika Internet Archive, na yanawataja walimu, makatekista na mapadre wenyeji kwa majina.

Ukifika ofisi ya parokia, mpe katibu shikamoo, barua ya utambulisho, na mwaka wa kukisia. Rejista za zamani za Kikatoliki ziliandikwa Kilatini: "filius" ni mwana, "filia" ni binti, "patrinus" na "matrina" ni wasimamizi wa ubatizo. Angalia pambizo za ukurasa, maana Kanisa huandika humo kipaimara na ndoa ya mtu huyohuyo, hata kama alifungia ndoa parokia nyingine. Msimamizi naye mara nyingi ni jamaa.

11. Na familia za Kiislamu?

Hazina rejista ya kuzaliwa ya msikitini, lakini zina maandishi: barua, wakfu, hati za mauziano ya minazi na silsila za walimu, nyingi kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. SOAS ya London imeweka mtandaoni bure mkusanyiko wa miswada ya Kiswahili, na ingawa haitamtaja babu yako, itakuzoeza mwandiko. Herufi hizo hazitofautishi vizuri P na B, wala CH na SH, kwa hiyo soma kwa sauti mbele ya mwalimu wa chuo mzee kabla ya kuamua jina. Kwa tarehe, rudi swali la 8.

12. Picha za zamani je?

Chuo Kikuu cha Frankfurt kinaonyesha bure mkusanyiko wa picha za Chama cha Kikoloni cha Ujerumani. Tafuta "Lindi", "Mikindani" na "Kilwa". Profesa Karl Weule wa Leipzig alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi na Newala mwaka 1906, akapiga picha na kurekodi nyimbo, na kitabu chake kinasomwa bure pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Anawataja watu kadhaa kwa majina. Lugha yake ni ya mtawala na inakera, lakini jina la mzee wa Newala likiwamo, limo.

## Maswali magumu

13. Babu alikwenda vitani asirudi. Nitampata?

Hifadhidata ya CWGC ina majina ya wafu wa Jumuiya ya Madola milioni 1.7 wa vita vikuu viwili. Tafuta kwa kikosi cha King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, si kwa jina pekee, kwa kuwa askari wengi wa Afrika wameandikwa kwa jina moja na namba. Kikosi cha 6 KAR ndicho kilichokuwa cha Tanganyika. Waliofia Burma wasio na kaburi wamo katika mnara wa Rangoon, wenye majina karibu 27,000. Ikiwa nyumbani walisema "alizama baharini", angalia tarehe 12 Februari 1944, ilipozamishwa meli Khedive Ismail ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ikiwa na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Kwa Vita vya Kwanza hali ni mbaya. Mapigano makali ya Mahiwa, karibu na Nyangao, yalikuwa Oktoba 1917, na maelfu ya wapagazi walikufa katika kampeni hiyo bila jina lolote kuchongwa. Tume yenyewe ilikiri Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo kutomwona babu aliyebebeshwa mizigo si ushahidi kwamba wazee wanakosea. Kwa askari wa upande wa Mjerumani, pekua bure orodha ya Hifadhi ya Shirikisho ya Ujerumani iitwayo invenio, hasa kundi R 1001 la nyaraka za ofisi ya makoloni, kwa tahajia za swali la 6.

14. Inasemekana bibi mkuu aliletwa kutoka Nyasa akiwa mtumwa. Nifanyeje?

Kwanza uliza kama familia inataka jambo hilo lizungumzwe, maana bado kuna nyumba ambamo neno hilo huvunja uchumba. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara hiyo katika karne ya 19, na mkataba wa Zanzibar wa 1873 uliipiga marufuku baharini bila kuimaliza bara. Utawala wa Kijerumani haukuufuta utumwa. Ulitoa hati za uhuru ziitwazo "Freibrief" kwa mtu mmoja mmoja na kutangaza kwamba watakaozaliwa baada ya 1905 wawe huru. Sheria ya kuufuta ilikuja na Waingereza mwaka 1922. Neno "Freibrief" pamoja na "Lindi" au "Kilwa" ndilo la kutafutia katika invenio. Hifadhidata ya SlaveVoyages inahusu zaidi meli za Atlantiki, na kwa msafara wa nchi kavu kutoka Nyasa haitakusaidia.

15. Ukoo wetu ulitoka ng'ambo ya Ruvuma. Njia ni ileile?

Ongeza tahajia za Kireno: Maconde, Macua, Rovuma, X husomwa SH na QU husomwa K. Watu walivuka kwa ajili ya kazi za mkonge, kukimbia kodi na kazi za lazima, na baadaye vita vya ukombozi wa Msumbiji vya 1964 hadi 1974, ambapo wakimbizi wengine waliwekwa Rutamba, Lindi. Aliyezaliwa Kionga, kusini ya mdomo wa mto, ana kisa chake: eneo hilo lilikuwa la Wajerumani kuanzia 1894 na likachukuliwa na Wareno mwaka 1916, kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa katika nyaraka za dola mbili.

16. Je, kipimo cha DNA kitamaliza kazi?

Si cha bure, na matumizi ya vinasaba vya binadamu nchini yanasimamiwa kwa sheria, chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kinachovutia ni kwamba vinasaba vya mitokondria hupita kwa mama peke yake, kama nihimo. Lakini havitoi jina la mtu.

17. Niuweke mti wetu wote mtandaoni?

Waliofariki, baada ya kukubaliana; walio hai, hapana. Mti wa FamilySearch ni mmoja kwa watu wote, na yeyote mwenye akaunti anaweza kurekebisha habari za marehemu, hivyo hifadhi nakala yako daftarini. Walio hai kwa kawaida huonekana na aliyewaingiza tu, lakini picha ya skrini ikitumwa katika kundi la simu ulinzi huo umekwisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ipo.

Wazee wengine huuliza tovuti hiyo ni ya nani. Ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake hufanya ibada kwa niaba ya mababu zao waliokufa. Waambie hilo mapema. Ukoo ukikataa, mti wa daftari uliopigwa picha unatosha.

18. Maandishi yanasema hivi, mjomba anasema vile. Nimwamini nani?

Andika yote mawili, kila moja na mwenyewe na tarehe uliyoipata. Karani aliyeandika mwaka 1931 alisikia lugha asiyoijua na alitaka kodi. Mjomba anaeleza alichoambiwa na mjomba wake, na huenda anailinda heshima ya mtu. Katika majina ya watu na undugu wao namwamini mjomba. Katika miaka namwamini karani. Kisha mrudie mjomba na nakala ya hati mkononi, umsomee taratibu, kwa sababu jina alilolisahau hutoka lenyewe anaposikia jina la jirani yake.